Kama elektroni za kila atomi huzunguka kiini, kwa nini shaba haivutwi na sumaku?

Mwanafunzi mmoja wa sekondari ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Katika sura ya sumaku, kitabu chetu kinasema kwamba kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, kwa sababu elektroni zake huzunguka kiini na mzunguko huo ni sawa na mkondo wa umeme. Katika sura ya muundo wa atomi tumefundishwa kwamba elektroni za atomi zote huzunguka kiini. Sasa kwa nini shaba haivutwi na sumaku kama chuma? Na kama atomi za chuma ni sumaku tayari, kwa nini msumari mpya hauvuti pini mpaka usuguliwe kwa sumaku, na kwa nini ukipashwa moto mkali hupoteza nguvu hiyo?"

Marahaba. Mantiki yako haina kasoro. Kasoro imo katika ile sentensi ya kitabu, ambayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki iliwachukua wanafizikia zaidi ya miaka 100 kuipata. Vitabu vya shule huweka sumaku katika sura moja na atomi katika sura nyingine, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana, ilhali katika historia yalikuwa swali moja, na mtu aliyebuni atomi mnayoichora darasani alikuwa amekwisha kukutana na tatizo lako kabla hajaibuni. Nitakujibu kwa kufuata njia waliyopita wao, maana kila hatua yake inafungua fundo moja la swali lako.

Wazo la sumaku ndogo ndani ya sumaku kubwa ni la zamani kuliko umeme. Mwaka 1269 msomi Petrus Peregrinus aliandika barua ndefu kuhusu sumaku, na humo akaeleza kwamba jiwe la sumaku likivunjwa vipande viwili, kila kipande hupata ncha zake mbili. Vunja tena, utapata ncha tena. Hii ina maana kwamba usumaku haukai kwenye ncha kama rangi iliyopakwa mwishoni mwa fimbo, bali umo katika kila punje ya kitu chenyewe. Ndipo mwaka 1820 Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme, na kabla mwaka haujaisha André-Marie Ampère alikuwa akidai kwamba sumaku yoyote si kitu kingine ila mikondo ya umeme iliyojificha. Rafiki yake Augustin Fresnel alimtolea hoja nzuri sana: mikondo inayozunguka kipande kizima cha chuma ingekipasha joto, na sumaku haipati joto kwa kukaa tu mezani, kwa hiyo afadhali mikondo hiyo iwekwe kuzunguka kila molekuli peke yake. Ampère akakubali, na hiyo ndiyo sentensi ya kitabu chenu katika umbo lake la kwanza.

Uangalie sana mwaka huo. John Dalton alikuwa ameanza kuchapisha kitabu chake cha nadharia ya atomi mwaka 1808, na atomi yake ilikuwa tufe gumu, lisilogawanyika, lisilo na chochote kinachotembea ndani. Mkondo wa Ampère haukuwa na mahali pa kukaa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1897, J. J. Thomson alipoonyesha kwamba chembe nyepesi zenye chaji hasi hutoka katika maada ya kila aina, ndipo mkondo huo ukapata kitu cha kuubeba.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja la kurekebisha katika swali lako. Shaba haivutwi, ni kweli, lakini haikosi kuitambua sumaku: husukumwa. Mwaka 1845 Michael Faraday alitundika kipande cha kioo kizito kati ya ncha za sumaku-umeme yenye nguvu, akaona kwamba badala ya kujielekeza kutoka ncha moja hadi nyingine kama kifanyavyo chuma, kilikaa kimekingama. Akajaribu vitu vingine vingi, na karibu vyote ama vilivutwa kidogo ama vilisukumwa kidogo. Miongoni mwa metali, bismuthi ndiyo iliyosukumwa waziwazi zaidi. Vile vinavyosukumwa aliviita diamagneti, na vile vinavyovutwa kidogo, kama alumini, tunaviita paramagneti. Shaba ni diamagneti. Usumaku unaoamka ndani yake ni takriban sehemu moja tu ya 100,000 ya uga (nguvu ya sumaku iliyoenea mahali) ulioletwa, tena umeelekea upande wa pili, ilhali chuma laini huweza kuukuza uga huo mara maelfu. Ndiyo maana mkono wako hauhisi kitu.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako ukiwa na sumaku ya neodimi, zile ndogo zenye nguvu ya kubana vidole. Chukua kijiti cha risasi cha penseli ya kubonyeza (jina hilo ni la mazoea tu, maana ndani hamna risasi, mna kaboni ya grafiti), kitundike kwa uzi mwembamba uliofungwa katikati mpaka kilale sawasawa, kifunike kwa chombo angavu ili upepo usikiguse, na ungoje kitulie kabisa. Kisha sogeza sumaku polepole karibu na ncha moja, kwa nje ya chombo. Ncha hiyo itajitenga, taratibu, kana kwamba inasita. Sasa geuza sumaku ulete ncha yake ya pili. Kijiti kitajitenga tena. Hapo ndipo penye fundisho, kwa sababu kama kijiti kingekuwa sumaku, ncha moja ingekisukuma na nyingine ingekivuta. Kinachosukumwa na ncha zote mbili hakina usumaku wake chenyewe, bali huupata kwa kuletewa sumaku, na huupata kinyume.

Kinyume hicho kinatokana na elektroni. Uga wa sumaku unapoingia ndani ya atomi, mwendo wa elektroni zake hubadilika kidogo kwa namna ya kuupinga uga huo, kama vile koili inavyozalisha mkondo wa kupinga sumaku inayosogezwa. Badiliko hili hutokea katika atomi zote, za chuma zikiwemo, ila katika chuma limezidiwa mno na jambo jingine hata halionekani. Kwa maneno mengine, elektroni zinazozunguka, ambazo wewe ulizitarajia ziifanye shaba ivutwe, ndizo zinazoifanya isukumwe.

Mwaka 1905 Paul Langevin aliweka maelezo haya katika hesabu. Alisema kwamba mikondo ndani ya atomi ikibatilishana yote, kinachobaki ni kule kupinga tu, na hiyo ndiyo diamagneti. Isipobatilishana, atomi nzima inakuwa sumaku ndogo inayotaka kugeukia uga, na hiyo ndiyo paramagneti. Kwa nini basi paramagneti ivutwe kidogo tu? Kwa sababu ya joto. Katika halijoto ya kawaida ya chumba, mtikisiko wa joto huipa atomi nishati ya takriban jouli 4 × 10⁻²¹, wakati nishati ambayo sumaku ndogo ya ukubwa wa kawaida wa atomi huipata kwa kujipanga katika uga wenye nguvu wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) ni kama jouli 9 × 10⁻²⁴, yaani joto lina nguvu zaidi ya mara 400. Atomi hizo ni kama sindano za dira zilizowekwa juu ya gari linalorukaruka: zina mwelekeo kidogo, kwa wastani, basi. Weka hesabu hii akilini, tutaihitaji tena kwenye chuma.

Nadharia ya Langevin ilionekana imekamilika, na hapo ndipo swali lako lilipomkuta Niels Bohr. Mwaka 1911, ule ule ambao Ernest Rutherford alitangaza kwamba chaji chanya ya atomi imekusanyika katika kiini kidogo mno, Bohr aliwasilisha huko Copenhagen tasnifu yake ya udaktari kuhusu elektroni ndani ya metali, na ndani yake mna tokeo ambalo vitabu vya shule havilitaji, nami naona ni hasara kubwa. Alionyesha kwamba ukiziacha elektroni zifuate kanuni za Newton za mwendo na za Maxwell za umeme na sumaku peke yake, kisha ukaacha joto lisambae mpaka mambo yatulie, usumaku wote unakuwa sifuri. Si mdogo, ni sifuri kamili. Hendrika Johanna van Leeuwen alilithibitisha jambo hilo kwa upana zaidi katika tasnifu yake ya mwaka 1919 huko Leiden, akiwa hakutegemea kazi ya Bohr.

Sababu yake inaweza kuchorwa. Fikiria chumba kilichojaa elektroni, na uga wa sumaku ukipita wima kutoka sakafuni hadi darini. Uga huzipinda njia za elektroni, kwa hiyo zilizo katikati ya chumba huzunguka duara ndogondogo, zote upande mmoja. Lakini zile zilizo karibu na ukuta haziwezi kumaliza duara: zinagonga ukuta, zinaruka, zinapinda, zinagonga tena mbele kidogo, na hivyo zinatambaa kandokando ya kuta zikikizunguka chumba kwa mwelekeo wa kinyume. Ni chache, ila duara lao ni kubwa kama chumba. Ukijumlisha, mchango wa kuta unaufuta mchango wa katikati bila kubakiza kitu. Maana yake ni kwamba sentensi ya kitabu chenu, ikichukuliwa ilivyo, haitoshi kueleza hata chuma, sembuse shaba. Langevin alifanikiwa kwa sababu alichukulia tangu mwanzo kwamba mikondo ya atomi ina ukubwa maalumu usiochakazwa na joto, na hakuna kanuni ya Newton iliyompa ruhusa hiyo.

Atomi ya Rutherford ilikuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Elektroni inayozunguka kiini inapaswa kutoa mwanga, ipoteze nishati, na ianguke ndani ya kiini katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mwaka 1913 Bohr alikata shauri: elektroni hairuhusiwi kuzunguka popote inapotaka, bali katika ngazi fulani tu, na katika ngazi ya chini kabisa haina pa kuangukia. Mara nyingi tunafundisha hatua hii kama dawa ya kueleza rangi za mwanga wa hidrojeni, na ni sawa, lakini tazama inavyoufaa usumaku. Katika ngazi ya chini ya hidrojeni elektroni ya Bohr ina kasi ya mita 2.2 × 10⁶ kwa sekunde na nusu kipenyo cha njia yake ni mita 5.3 × 10⁻¹¹, kwa hiyo inakamilisha mizunguko kama 6.6 × 10¹⁵ kila sekunde. Zidisha kwa chaji yake, unapata mkondo wa takriban miliampea 1, ambao si haba kwa kitu kidogo namna hiyo. Zidisha mkondo huo kwa eneo la duara, na unapata ukubwa wa sumaku ya atomi: 9.3 × 10⁻²⁴ katika ampea-mita za mraba. Ni kipimo kisichopungua wala kuongezeka, na mpaka leo kinaitwa magnetoni ya Bohr.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda likakushangaza. Namba hiyo ni sahihi, lakini picha iliyoizaa si sahihi. Nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kama elektroni, iliyokamilika katika miaka ya 1925 na 1926 inasema kwamba elektroni ya hidrojeni katika ngazi ya chini haina mwendo wowote wa kuzunguka kiini, hata hivyo usumaku wake ni karibu magnetoni moja ya Bohr. Unatoka wapi?

Dalili ya kwanza ilikuwa imekwisha kuonekana mwaka 1915 katika jaribio la Albert Einstein na Wander de Haas. Walitundika fimbo ya chuma kwa uzi ndani ya koili, na walipogeuza mwelekeo wa umeme, hivyo kugeuza usumaku wa fimbo, fimbo yenyewe ilijisokota. Ni jaribio la kuvutia sana: unabonyeza umeme, na chuma kinazunguka bila kuguswa, kwa sababu chochote kinachozunguka ndani ya atomi kimegeuzwa upande, na fimbo nzima inalazimika kufidia. Wao waliamini kwamba wamepata uwiano uliotarajiwa kwa elektroni zinazozunguka kiini. Wengine walipopima upya katika miaka iliyofuata, walikuta usumaku ni mara mbili ya ule ambao mzunguko huo ungeweza kuutoa. Dalili ya pili ilikuja mwaka 1922 huko Frankfurt, pale Otto Stern na Walther Gerlach walipopitisha mvuke wa fedha katika uga usio sawa, na badala ya doa moja lililotandaa wakapata alama mbili zilizotengana. Mwaka 1925 George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walitoa jibu: kila elektroni ina usumaku wake yenyewe, unaoandamana na sifa iitwayo spini, na spini hiyo inaweza kuelekea pande mbili tu, juu au chini. Jina hilo linakufanya ufikirie pia ya kuchezea inayozunguka, nami nakuomba usiifikirie sana, kwa sababu elektroni haijulikani kuwa na umbo la kuzungushwa. Spini ni sifa ya elektroni kama ilivyo chaji yake.

Kwa hapo shaba inaanza kueleweka. Wolfgang Pauli alionyesha mwaka 1925 kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ile ile ndani ya atomi, hivyo zikishirikiana nafasi moja lazima spini zake zipingane, na usumaku wa jozi hiyo unafutika. Shaba ina elektroni 29. Kati ya hizo, 28 zimekaa jozi jozi katika matabaka yaliyojaa, na moja imebaki peke yake tabaka la nje. Je, atomi moja ya shaba si sumaku? Ni sumaku! Ukiivukiza shaba na kuipitisha katika mashine ya Stern na Gerlach, itagawanyika mara mbili kama fedha, ambayo nayo ina elektroni moja ya ziada. Ila wewe hushiki atomi moja. Katika kipande cha shaba, elektroni hiyo ya nje haimilikiwi na atomi yoyote. Zote zimeingia katika bahari moja ya elektroni zinazopitisha umeme, na humo nafasi hujazwa jozi jozi kuanzia chini. Ni zile chache za juu kabisa tu zinazoweza kugeuza spini, na mvuto wake mdogo unazidiwa na msukumo wa matabaka yaliyojaa. Hivyo shaba husukumwa.

Ungetarajia sasa niseme kwamba chuma huvutwa kwa sababu kina elektroni zisizo na jozi. Vitabu vingi huishia hapo, na hapo pia ni nusu ya jibu. Ni kweli kwamba atomi ya chuma, yenye elektroni 26, ina 4 zisizo na jozi, na kwamba ndani ya metali hubaki usumaku wa takriban magnetoni 2.2 kwa kila atomi. Lakini manganizi ina 5 zisizo na jozi na kromi ina 6, na hakuna hata moja kati yake ambayo ikiwa safi hunata kwenye sumaku kama chuma. Halafu rudi kwenye ile hesabu ya Langevin: hata sumaku ndogo iwe imara namna gani, joto la chumba lina nguvu mara mamia kuliko uga wa tesla 1. Kama kila atomi ya chuma ingejitegemea, chuma kingekuwa paramagneti hafifu, na dunia isingekuwa na dira wala mota.

Kwa hiyo kinachokitofautisha chuma ni kwamba atomi zake zinakubaliana, na huku kuwa na sumaku ndogo ni sharti la mwanzo tu. Pierre Weiss aliliona hilo mwaka 1907. Alisema kwamba ndani ya chuma kila atomi inahisi uga mkubwa unaotoka kwa majirani na kuilazimisha ielekee walikoelekea wao. Uga huo uwe mkubwa kiasi gani? Chuma kinahimili mtikisiko wa joto mpaka nyuzi 770 za Selsiasi, na ukilinganisha nishati ya joto la kiwango hicho na ukubwa wa sumaku ya atomi, unakuta kwamba uga wa Weiss ungepaswa kuwa takriban tesla 1,000. Huo ni uga wa kutisha. Sumaku ya atomi jirani, ikipimwa kwa umbali uliopo kati ya atomi mbili za chuma, haitoi hata tesla 1. Weiss alikuwa na namba inayofanya kazi ila hakuwa na chanzo chake, na usumaku wenyewe haungeweza kuwa ndicho chanzo.

Chanzo, kama Werner Heisenberg alivyoeleza mwaka 1928, ni umeme wa kawaida, ule msukumo kati ya chaji hasi na chaji hasi. Kanuni ya Pauli inazilazimisha elektroni zenye spini za upande mmoja zikwepane, haziwezi kukutana mahali pamoja. Na kwa kuwa zimekwepana, msukumo wa umeme kati yake unapungua, nishati inapungua. Kwa hiyo elektroni za atomi jirani zinapata faida zikielekeza spini zao upande mmoja. Zinalipa gharama pia, maana kuachana na mpangilio wa jozi kunazipandisha katika nafasi zenye nishati kubwa zaidi ya mwendo. Katika metali nyingi gharama inazidi faida. Katika chuma, kobalti na nikeli faida inazidi gharama, na atomi zinajipanga zenyewe bila kuletewa sumaku yoyote. Katika kromi majirani hupata nafuu wakipingana, mmoja juu na mwingine chini, hivyo nguvu zao zinafutana ingawa kila mmoja ana usumaku wake. Hili ndilo ninalopenda zaidi katika habari yote hii: kinachozipanga sumaku ndogo za chuma si nguvu ya sumaku.

Ukilikubali hilo, sehemu ya pili ya swali lako inageuka kichwa chini. Uliuliza kwa nini msumari mpya si sumaku. Sasa inabidi tuulize kwa nini msumari wowote usiwe sumaku muda wote, ikiwa atomi zake zinajipanga zenyewe. Hesabu ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina atomi 8.5 × 10²⁸, kila moja ikiwa na magnetoni 2.2, zidisha, na uga ndani ya chuma kilichojipanga chote unapaswa kuwa karibu tesla 2.2. Na ndivyo ulivyo, lakini ndani ya maeneo madogo tu, ambayo mara nyingi upana wake ni sehemu ndogo ya milimita. Katika eneo moja atomi zote zimeelekea upande mmoja. Katika eneo la jirani zimeelekea kwingine. Weiss ndiye aliyebuni maeneo hayo pia, na yapo kwa sababu kipande kizima kilichojipanga upande mmoja kingesambaza uga mkubwa nje yake, na uga huo una gharama ya nishati. Chuma hujigawa ili kuipunguza. Kwa nje, maeneo yanafutana, na msumari hauvuti pini.

Unapousugua msumari kwa sumaku, hugeuzi atomi moja moja. Unasogeza mipaka: maeneo yaliyoelekea upande wa sumaku yanapanuka, mengine yanamezwa. Mwaka 1919 Heinrich Barkhausen aliufanya mwendo huo usikike. Alizungushia chuma koili iliyounganishwa na kikuza-sauti, akasogeza sumaku karibu polepole, na badala ya sauti laini akasikia mchakacho, kama karatasi inayokunjwa, kwa sababu mipaka haitelezi bali hukwama kwenye uchafu na kasoro za chuma, kisha ikachomoka ghafla. Ndiyo tofauti kati ya chuma laini na chuma cha pua. Katika chuma laini kilichosafishwa mipaka husogea kwa urahisi na kurudi kwa urahisi, kwa hiyo kinafaa kwa sumaku-umeme. Katika chuma cha pua kilichogumishwa, chembe za kabidi (chuma kilichoungana na kaboni) na mikazo ya ndani huizuia mipaka isirudi, na usumaku unabaki. Mtihani ukikuuliza jambo hili, andika kwamba usumaku wa atomi ya chuma hutokana hasa na spini za elektroni zisizo na jozi, na kwamba atomi jirani hujipanga pamoja katika maeneo. Mwalimu wako hatakunyima alama.

Kuhusu moto, tofautisha mambo mawili. Ukiupasha msumari joto la wastani, au ukiugongagonga kwa nyundo, mipaka iliyokwama inaachia na maeneo yanarudi katika mchanganyiko. Atomi ndani ya kila eneo bado zimekubaliana, na kusugua tena kutarudisha sumaku. Ukivuka nyuzi 770, hali ambayo chuma kimekwisha kuwa chekundu, makubaliano yenyewe yanavunjika, maeneo hayapo tena, na chuma ni paramagneti ya kawaida. Sumaku haikivuti kiasi cha mkono kuhisi. Nikeli hufikia hapo kwenye nyuzi kama 358, kobalti karibu 1,120, na metali iitwayo gadolini karibu nyuzi 20 tu, kiasi kwamba kipande chake kilichonata kwenye sumaku kikiwa baridi huanguka kikipashwa joto la kiganja.

Chuma kikipoa, makubaliano yanarudi peke yake na maeneo yanaundwa upya, kila moja likichagua upande wake, isipokuwa pakiwa na kitu cha kuyashawishi. Hata uga wa dunia, ambao ni kama sehemu moja ya 20,000 ya tesla, unatosha kushawishi kidogo. William Gilbert aliyajua hayo mwaka 1600: katika kitabu chake kuhusu sumaku mna mchoro wa mhunzi anayefua ufito wa chuma chekundu juu ya fuawe, huku ufito umelazwa kaskazini kwa kusini, na maandishi yanaeleza kwamba ufito huo ukipoa katika mwelekeo huo huwa sumaku. Nyundo ililegeza mipaka, moto ulifuta maelekeo ya zamani, na dunia ikatoa upande mpya.